Koti la Bwana Mose

Saa mbili na nusu asubuhi Bwana Mose, mkubwa wa ofisi moja ya ardhi, alifika kazini, akavua koti, akalitundika kwenye kiti ili ionekane yupo, akaenda zake. Huo ulikuwa mwezi wa Aprili. Kwenye benchi la nje alimwacha Nyamoita, mjane kutoka Nyamache, aliyetaka shamba la marehemu mumewe liandikwe kwa jina lake kabla shemeji yake Anyona hajalimeza.

Okinyi, karani wa masjala, alianza kulichora koti hilo nyuma ya fomu zilizoharibika. Kila Jumatatu alituma katuni kwa simu, na kufikia saa nne ya chai ilikuwa imefika Nyaramba. Kule Itumbe, wakulima wa chai waliipokezana kwenye foleni ya kupima majani. Walicheka mpaka machozi. Makarani walicheka zaidi, maana kila mmoja alijua kwa hakika kwamba anayechorwa ni wa ofisi ya jirani. Watu wa namna hii hawana haya. Ukiwachora, watakuomba nakala.

Mwezi wa Juni, koti la kwenye katuni lilipiga muhuri. Kesho yake koti lenyewe lilinyoosha mkono wa kulia, likapiga muhuri. Persis, sekretari, aliliwekea chai na mandazi mawili. Lilihudhuria mkutano mjini Kisii, likarudi na cheti cha uongozi bora. Bwana Mose alipiga simu kuuliza kama anahitajika, akaambiwa la.

Nyamoita aliitwa ndani.

"Bwakire, mkubwa," akasalimu kwa Kikisii. "Nimekuja tena kwa ile faili ya shamba."

"Njoo kesho, mama," likasema koti. "Sistimu iko chini."

Wakati huo Anyona alikuwa ameanza kuchuma chai ya Nyamoita shambani, mstari baada ya mstari, kutokea upande wa mtoni.

Agosti, Okinyi alimchora Nyamoita. Hiyo ilipendwa kuliko zote. Alikuwa kwenye benchi na kitambaa chake kichwani, na ndani, chini ya chupa ya chai, ilionekana faili yenye jina la mumewe. Mchungaji alianza nayo mahubiri ya Sabato. Anyona aliisambaza kwa ukoo mzima.

Nyamoita alionyeshwa na jirani. Asubuhi akaja ofisini.

"Okinyi, mwanangu, faili yangu iko chini ya chupa?"

"Iko, mama. Tangu Aprili."

"Na wewe uliiona?"

"Si nimeichora? Umetoka vizuri sana. Hata Nyaramba wanakujua."

"Basi itoe."

Okinyi alilitazama koti. "Hiyo ni kazi ya mkubwa, mama."

Koti lilijimiminia chai, likarudisha chupa juu ya faili. "Kesho, mama."

Nje, watu walimtambua. Walisogea wakampa nafasi kwenye benchi, wakatoa simu, wakamwomba akae vile vile anavyokaa kwenye katuni.

Akakaa.