Mbegu Kwenye Uchaga wa Tupokigwe

Wewe unayesoma, ule moshi uliuona ukapita zako. Usikatae. Uliuona ukifuka kwenye nyasi za paa, kule mlimani juu ya Itumba, ukajisemea kwamba bibi yupo, bibi mzima, ukashika njia yako.

Ndivyo walivyosema wote mwaka ule wa hamsini na moja. Tupokigwe alikuwa mjane. Miaka yake hakuijua, ila vita vya Mjerumani na Mwingereza alivikimbia akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Nyumba yake ilikuwa na mlango mmoja, dirisha hakuna. Juu ya mafiga, kwenye uchaga, yalining'inia mahindi ya mbegu ya ukoo mzima: ya mwanawe Ambilikile aliyekaa bondeni, ya shemeji zake, hata ya Watson, kitinda mimba wake, aliyekwenda migodini Rhodesia ya Kaskazini akamwachia mkewe shamba. Desturi ilikuwa hiyo. Mbegu hufukizwa ili fukusi wasiingie, na hufukizwa kwa mzee, maana mzee hashindi shambani. Baada ya mavuno walizileta, wakazifunga, wakamsifu, wakashuka.

Moto huo haukutakiwa kuzimika mpaka mvua za kupandia. Kuni kavu zilikuwa msituni, na msitu Mwingereza alikwisha kuuwekea mipaka; aliyekutwa na mzigo alipelekwa barazani kushtakiwa. Tupokigwe hakuwa na miguu ya kumkimbia askari. Akachoma magunzi, matawi mabichi, mizizi yenye udongo. Vitu hivyo haviwaki, vinafuka tu. Macho yakavimba. Kifua kikabana hata akawa analala ameketi, mgongo ukutani. Asubuhi alivisalimia vile vicha vya mahindi kimoja kimoja, kwa jina la mwenyewe. Hujambo Ambilikile. Hujambo Watson. Hakukuwa na mwingine wa kumsalimia.

Siku moja ya Septemba akautia moto majivu, ukafa. Alikwisha kuelewa kwamba maadamu nyumba inafuka, hakuna atakayepanda mlima. Akafagia uani, akatandika mkeka, akaweka karanga za kukaanga alizobakiza jana. Akaketi mlangoni, akivuta pumzi ndefu ambayo hakuwa ameivuta tangu mavuno.

Walikuja kabla jua halijafika utosini, Ambilikile na mkewe Jenista, wanahema.

"Mama, tulijua umekufa," alisema Ambilikile.

"Nilikuwa nakufa, baba. Leo ndiyo nimepumzika. Kaeni."

Hawakukaa. Jenista alikwisha kuingia ndani, anayapapasa mahindi kwa vidole. Akasema kutoka humo gizani kwamba fukusi bado hawajaingia. Ambilikile akashusha pumzi, na Tupokigwe, pamoja na macho yake yale, aliona vizuri pumzi ile ilikuwa ya nini.

Mwanawe akamwambia kwa upole, kama anayembembeleza mtoto, kwamba moto ukizimwa mwaka huu ukoo wote hautakuwa na cha kupanda.

"Basi zichukueni," alisema Tupokigwe. "Kila mtu akafukize kwake."

Jenista akacheka kidogo, wala si kwa ubaya. "Kwetu kuna wachanga, mama. Moshi utawamaliza."

Wote watatu walilisikia neno lile, na hakuna aliyeliokota.

Ambilikile akapiga magoti akapuliza mpaka kaa likashika. Alimletea mama yake zawadi, mzigo mkubwa wa matawi aliyoyakata hapo nyuma ya nyumba, majani bado yako juu. Akayatia. Wakaaga. Kule chini mtoni waligeuka, wakaona paa linafuka, Jenista akainua mkono akapunga. Tupokigwe hakumwona. Alikuwa ndani, amejishika kifua, karanga ziko uani na kuku.

Sasa weka karatasi hii chini. Mbegu zako ziko kwenye uchaga wa nani? Panda leo hii, kazishushe, ukazifukize kwako. Chukua jembe utoboe dirisha katika ukuta ule. Kuni kavu zibebe wewe, na askari wa msitu akikuzuia, nendeni kumi, nendeni hamsini, mumwambie mnakwenda nazo kwa nani. Kisha keti na mama yako kwenye mkeka, ule naye. Inuka. Usimalize hata kukunja karatasi.