Aliyerudi Peke Yake kutoka Taita

Mbodze alipofungua mlango wa chumba chao Majengo, Mombasa, alimkuta Badawi amesimama na mkoba wa Kenga, mumewe. Mikono yake ilikuwa imechanikachanika, na macho yake hayakutaka kutua usoni mwa Mbodze.

"Mumeo yu hai, shemeji," alisema. "Amepata kibarua huko Wundanyi. Atakuja."

Baadaye, akiwa peke yake, ndipo Mbodze alipojiuliza: nani aliyekuwa amesema Kenga hayu hai? Na kibarua cha nini, mtu mwenye kazi yake?

Kenga na Badawi walifanya kazi pamoja kwenye karakana ya mbao karibu na Liwatoni. Kila alfajiri walikimbia kutoka Mji wa Kale hadi Kizingo, na aliyeachwa nyuma hakusema na mwenzake mpaka adhuhuri. Sikukuu ya Madaraka, uhuru ungali mchanga, walipanda gari la moshi hadi Voi kwenda kushindana mbio za milimani, kwenye vijia vya msitu kutoka Mwatate hadi Wundanyi.

Ndani ya mkoba Mbodze alikuta shati la mumewe lina damu iliyokauka. Aliliweka chini ya godoro, hakulifua.

Kisha Swabaha, mkewe Badawi, akaanza kumletea chakula: leo samaki wa kupaka, kesho mahamri. Badawi mwenyewe alileta kikapu cha ndizi kutoka Marikiti, akakibwaga mlangoni na kuondoka upesi. Mtu hakulishi bure, Mbodze aliwaza. Ndizi zikaoza hazijaguswa.

Siku moja uvumilivu ulimwishia. Alikwenda Mji wa Kale, akamkuta Badawi barazani kwake na majirani waliokuwa wakinywa kahawa, akasimama mbele yao.

"Mume wangu ulimsukuma wapi, Badawi? Nionyeshe nikamzike."

Badawi aliinamisha kichwa. "Ngoja, shemeji. Nimeapa," alijibu. Tangu siku ile majirani walipita baraza yake wakiharakisha, kama wanaokimbia mvua.

Mbodze hakungoja. Alipanda gari la moshi, akashuka Voi, akapanda basi hadi Mwatate, halafu akakifuata kwa miguu kijia cha wakimbiaji. Ukungu ulikuwa mzito, mawe yanateleza, na kando ya njia kulikuwa na korongo refu lililomfanya ashike magugu kwa mikono miwili. Kila alipochungulia chini alitarajia kuona nguo. Karibu na kilele alikutana na mwanamke anayekata majani ya ng'ombe, jina lake Loise, akamuuliza kama amesikia habari za mkimbiaji kutoka Mombasa.

"Yule aliyevunjika mguu?" Loise alisema. "Yuko kwetu."

Nyumbani kwa Loise, Kenga alikuwa amelala kitandani, mguu umefungwa vijiti. Alipomwona mkewe alijifunika uso, ndipo akasimulia. Njia ya mbio huzunguka korongo. Yeye aliiacha, akakata katikati apate kutokea mbele ya wote. Akateleza. Badawi, aliyekuwa akiongoza, alisikia kilio, akayaacha mashindano, akashuka miibani na kumbeba mgongoni mpaka juu. Kenga alimwapisha asimwambie mtu yeyote, hata mkewe, mpaka aweze kutembea.

"Nawe usiwaambie watu," alimsihi. "Wataniita mwizi wa mbio."

"Watu nimeshawaambia mimi," Mbodze alisema. "Nimemwita Badawi muuaji barazani kwake."

Kenga aligeukia ukutani.

Mfupa ulipounga, aliteremka hadi Mombasa akitembelea fimbo, Mbodze kando yake. Kutoka stesheni hakwenda nyumbani; alikwenda moja kwa moja kwa Badawi, akawaita majirani na kueleza yote, yeye mwenyewe, amesimama. Mzee mmoja alicheka. Wengine walitazama chini. Badawi akasogea, akampisha rafiki yake akae.

Mbodze aliingia uani kumwomba Swabaha radhi. Swabaha aliitikia salamu yake vizuri, akaendelea kuchambua mchele. Mkeka wa kukalia hakumtandikia, na Mbodze hakujiona ana haki ya kuudai.