Wavu kwenye Mdomo wa Bwawa

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na Mwangalizi alikuwa hajakaa chini. Alikwenda kwenye ubao wa kipimo, akarudi kibandani, akavua koti, akalivaa tena, akatoka. Bwawa alilolitunza halikuwa kubwa. Lilikuwa la starehe tu, lenye boti za kukanyaga, mabenchi, na bango la kukataza kuogelea ambalo waogeleaji walitundikia nguo zao. Lakini maji ni maji. Hayajui kwamba yamewekwa pale kwa ajili ya burudani.

Kilichomkosesha raha ni Mdomo. Ndivyo wote walivyoliita pengo la zege pembeni mwa tuta, ambako maji yaliyozidi hutoka na kushuka bondeni bila kuligusa tuta lenyewe. Tuta lilikuwa la udongo. Tuta la udongo huweza kuzuia maji miaka na miaka, mradi yasipite juu yake. Yakipita hulikwangua, kwanza kidogo kidogo, kisha kwa mkupuo. Kwa hiyo Mdomo ulipaswa kuwa wazi wakati wote, na sasa ulikuwa umefungwa wavu.

Wavu aliuweka kaka yake. Kaka mtu alikuwa kinyozi na kiongozi wa chama cha wavuvi wa ndoana. Watu walimwita Kambare, kwa sababu ya sharubu zake, na kwa sababu katika mabishano hakushikika. Alikuwa amepandikiza perege bwawani na kuwalisha kama wageni wa harusi, na kesho yalikuwa mashindano ya kuvua, ya kwanza tangu chama kianze. Tatizo ni kwamba kila mvua kubwa perege walitoroka kupitia Mdomo. Basi akachomelea fremu ya chuma, akaitandazia wavu wa waya, akaisimamisha Mdomoni juu ya bawaba na kuifunga kwa kufuli ili wezi wa samaki wasiilaze. Perege hawakutoka tena. Majani, magugu na chupa za plastiki navyo havikutoka. Vilijibandika kwenye wavu tabaka juu ya tabaka, mpaka maji yakawa yanachujika kama chai.

Mwangalizi alisimama kwenye kidaraja kilicho juu ya Mdomo akavuta takataka kwa upembo, mti mrefu wenye ncha ya kulabu. Alichokitoa kwa mkono wa kulia, bwawa lilikirudisha kwa wa kushoto. Alipoangalia tena ubao, maji yalikuwa yameshauvuka mstari wa njano, yakiufuata mwekundu. Alitupa upembo, akashika njia ya kwenda kwa kinyozi.

Kambare alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, upande mmoja umekwisha, mwingine bado.

"Kaka, nipe ufunguo."

"Salamu kwanza."

"Shikamoo. Nipe ufunguo."

"Marahaba. Ufunguo gani?"

"Unao shingoni. Mdomo umeziba, maji yanapanda."

Kambare aliinua uso kuelekea darini. "Hebu sikiliza. Hata bati limepunguza kelele. Mvua inakatika hii."

"Bati si kipimo."

"Mdogo wangu, kesho nina wageni. Nikilaza wavu leo, watavua nini? Boti za kukanyaga?"

Mteja alicheka, mabega yakatikisika, Kambare akamshika kichwa kitulie. "Ndugu wakigombana, mimi nachukua jembe nikalime," mteja alisema. "Ila nimalizieni kichwa kwanza, siwezi kwenda shamba hivi."

"Chini ya tuta kuna nyumba ya mama," Mwangalizi alisema.

Mashine ya kunyolea ilinyamaza. Kisha ikawaka tena.

"Nyumba ya mama ilikuwepo kabla wewe hujazaliwa. Haijawahi kulowa hata kizingiti."

"Haikuwa na wavu juu yake."

"Jioni. Nikifunga nitakuja, tutaangalia wote wawili."

Ufunguo ulining'inia kwenye kamba nyeusi, juu tu ya aproni. Angeweza kuupokonya. Lakini mtu hampokonyi kaka yake kitu mbele ya wateja wake, na hata angethubutu, Kambare alikuwa na mashine mkononi na mteja alikuwa na sikio. Akatoka.

Hakurudi bwawani moja kwa moja. Alipita bondeni kwa mama yao, ambaye alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, mguu kwenye kanyagio, amezungukwa na sare za shule. Kutoka dirishani tuta lilionekana lote, kijani na refu, kama mlima uliopigwa pasi.

"Mama, panda ukalale kwa kaka leo."

"Na cherehani nitajitwika?"

"Nitakubebea."

"Na sare hizi, utazishona wewe? Wewe uliyeshona kifungo ukakishonea kwenye sketi yako mwenyewe?" Mama alikata uzi kwa meno. "Tuta limeanza kumwagika?"

"Bado."

"Basi bado."

"Mama, likianza halitabisha hodi."

Mama aliondoa mguu kwenye kanyagio, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Tangu mbelekoni ulikuwa mtu wa kupiga mateke. Lakini hujawahi kuniambia uongo." Alinyoosha mkono kuchukua simu juu ya rundo la kola. Kambare alipokea upesi. Simu ya mama hakuna anayeiacha iite.

"Naambiwa umefunga bwawa kwa kufuli," alisema. "Sawa. Mimi nina kazi, sitoki hapa. Ukija kunizika, njoo na huo wavu wako unifunike nao." Akakata, akarudisha mguu kwenye kanyagio.

Mwangalizi alipanda mbio hadi kibandani, akachukua mtaimbo. Alipofika kidarajani aliona kitu alichokuwa amekihofia asubuhi nzima. Katikati ya tuta wapita njia na baiskeli zao walikuwa wamelichimba kwa kukatiza, pakawa na kibonde. Mara nyingi alikuwa ameiomba kamati ipajaze udongo. Kamati ilipendelea kupaka mabenchi rangi. Sasa ulimi mwembamba wa maji ulikuwa umekipata kibonde hicho na unalamba upande wa pili, kuelekea bondeni.

Kambare alitokea nyuma yake akihema, aproni bado kiunoni, nywele za mteja zimemganda mikononi. Alifuata macho ya dada yake. Alitazama ulimi wa maji, kisha bati la nyumba ya mama lililokuwa chini yake moja kwa moja. Alivua kamba shingoni, akapiga magoti, akautia ufunguo kwenye kufuli.

Ufunguo haukuzunguka. Bwawa zima lilikuwa limeegemea fremu, na fremu ilikuwa imelibana kufuli.

"Haligeuki!"

"Ondoka hapo mbele! Pita upande huu. Wavu ukilala utaondoka na miguu yako."

Kambare, ambaye hakuwahi kupokea amri ya mdogo wake hata ya kufunga mlango, alipita upande ule. Mwangalizi alichomeka mtaimbo kwenye kipete cha kufuli. Wakauegemea wote wawili, uzito wa ndugu wawili wenye hasira. Kipete kilipasuka. Fremu ilitikisika, ikasita, kisha ikalala kwa kishindo, na ule mkeka wote wa takataka ukaruka bondeni kama kizibo cha chupa.

Nyuma yake wakaja perege. Walipita wakimetameta, mmoja mmoja, kisha makundi. Kambare aliwatazama akiwa ameshika reli ya kidaraja.

"Yule mkubwa," alisema mara moja tu, kwa sauti ndogo.

Ulimi kwenye kibonde ulipungua, ukawa uzi, ukakatika. Muda mfupi baadaye mvua nayo ikakatika.

Asubuhi wanachama wa chama walikuja na fimbo zao za kuvulia, kofia zao na viti vya kukunja. Mweka hazina wa chama, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alikuwa wa kwanza kufahamu kilichotokea na wa mwisho kunyamaza.

"Mvua si imekatika yenyewe? Mngevuta subira kidogo tu. Mmemwaga samaki wetu kwa hofu ya mwanamke mmoja!"

Mwangalizi alikuwa na jibu, lakini alijua udhaifu wake: balaa lisilotokea halina shahidi. Alifungua kinywa. Kambare akamtangulia.

"Njoo," alimwambia mweka hazina, akamshika kiwiko hadi kwenye kibonde, upande wa bondeni, ambako majani yalikuwa yamelala yote kuelekea chini. "Piga magoti."

"Kwani tunasali?"

"Piga magoti, ingiza mkono hapo."

Mweka hazina aliingiza mkono kati ya majani. Kiganja kilizama, kisha kiwiko, na alipoinama zaidi bega likagusa udongo. Sauti yake nyembamba ilipotea.

"Maji yaliyochimba hilo shimo hayakufika kifundo cha mguu," Kambare alisema, "na yalipita muda wa kunyoa kichwa kimoja. Sasa inua uso. Unaona nini?"

Alikuwa anaona bati. Kando yake mama yao alikuwa amesimama na beseni, na kwenye beseni mikia ilikuwa inapigapiga.

"Mashindano yanaanza saa ngapi?" mama alipaza sauti. "Mimi nimeshamaliza!"

Wanachama waliangua kicheko, hata mweka hazina, mkono wake ukiwa bado shimoni. Kambare hakucheka. Alikuwa anatazama mawingu upande wa pili wa bwawa, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Pakijazwa udongo patashika?" alimuuliza dada yake.

"Pakishindiliwa vizuri. Lakini si leo, udongo umelowa."

"Na ikirudi kabla haujakauka?"

"Magunia ya mchanga. Hayo leo hii."

Kambare alizunguka kuwaelekea wavuvi. "Wekeni fimbo chini," alisema, na alipoona hawaelewi haraka, akaanza mwenyewe kushuka kuelekea mchangani kando ya bwawa, karibu kukimbia.