Gari Lililowaka kwa Cherehani

Wewe umewahi kumwona mtu mzima akilipigia gari mswaki? Basi Indiketa alifanya hivyo asubuhi ile, tena kwa dawa yake mwenyewe ya meno. Alipiga magoti mbele ya stesheni wagoni yake ya kijivu, akasugua vioo vya taa vilivyofubaa, akasugua tena, akavifuta kwa fulana aliyoivua hapo hapo. Kisha akarudi nyuma hatua chache na kuinamisha kichwa upande.

"Mama watoto, hebu njoo uone. Gari limeanza kuona!"

Jina la Indiketa alipewa na majirani, kwa sababu hata alipotembea kwa miguu alinyoosha mkono kabla ya kukata kona. Maisha yake yote alikuwa ameendesha magari ya watu. Hili lilikuwa la kwanza kuwa lake. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alishonea barazani, karibu kabisa na gari lilipoegeshwa, kiasi kwamba nyuzi zake zilikuwa zikinasa kwenye kioo cha pembeni na kupepea kama ndevu gari lilipokwenda mjini.

Binti yao wa kwanza alikuwa anaolewa, na gari ndilo lingeongoza msafara kutoka nyumbani hadi ukumbini jioni ya harusi. Indiketa aliapa kwamba gari la baba wa bibi harusi haliwezi kupita mbele za watu na taa mbili za manjano kama macho ya mgonjwa.

"Mbele nitaweka pete za bluu," alisema, mikono ikichora hewani. "Chini ya milango, zambarau. Nyuma nyekundu, tena zinakimbizana!"

"Na mimi nitakaa wapi?" mkewe aliuliza, akitoa pini mdomoni.

"Wewe? Kiti cha mbele, ubavuni kwangu. Mama wa bibi harusi akae wapi tena, kwenye buti?"

Fundi alicheka mpaka pini zikamwagika. Siku hiyo hiyo alitoa sandukuni kitambaa cha bluu alichokuwa amejiwekea tangu binti huyo akiwa shule, akakata gauni. Shingo aliishusha kidogo ili mkanda wa gari usiikunje. Mkono wa kushoto, ule ambao ungekaa dirishani, aliutia lesi.

Wa kufunga taa alikuwa mdogo wake huyo fundi cherehani, ambaye yeye ni fundi redio. Alikuja na mkoba wa vifaa, na mdomo wake.

"Shemeji, hili gari au kaburi?" alimuuliza Indiketa, akigonga boneti.

"Lishike kwa adabu. Limekuzidi umri."

"Ndiyo maana nauliza."

Waling'oa taa za zamani, wakazitia kwenye gunia pamoja na skrubu zake, gunia likasukumwa chini ya kitanda. Wakatoboa, wakabandika, wakapitisha nyaya chini ya zulia la gari na kuzivingirisha tepu nyeusi. Jirani yao, mama muuza mkaa, alikuja na kigoda chake akakaa kutazama, akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. "Msiweke kijani. Litafanana na duka la dawa."

Kazi ilikwama kwenye waya mweusi, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari ili umeme upate njia ya kurudi. Gari lilikuwa limepakwa rangi mara nyingi mno, rangi juu ya kutu na kutu juu ya rangi, na kila mahali mdogo wake fundi alipougusisha, taa zilinuna. Alichoka. Ili kujaribu tu, akaubana waya kwenye mguu wa chuma wa cherehani ya dada yake, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

Taa zikawaka. Zikawaka zote kwa mpigo! Bluu ikaruka ukutani, zambarau ikamwagika ardhini mpaka kwenye vidole vya miguu vya muuza mkaa, nyekundu zikaanza kufukuzana huko nyuma. Muuza mkaa akasimama akapiga kigelegele kirefu, na Indiketa akampa shemeji yake mkono, akampa na mwingine.

Fundi wakati huo alikuwa akipiga pindo la suruali ya mteja. Alipofika mwisho akainua mguu ili akate uzi. Taa zikazimika. Akaanza mguu wa pili wa suruali. Zikawaka.

"Waya umelegea," Indiketa alisema.

"Haujalegea. Dada, acha." Zikazimika. "Dada, kanyaga." Zikawaka.

Fundi redio akaubandua waya kwenye cherehani, akalikwaruza gari kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akaufunga hapo kwa bolti. Haikubadilisha kitu. Wakalitoa gari hadi barabarani, wakaliendesha mpaka dukani, wakapita duka, muuza mkaa akiwa amesimama getini kupokezana maneno kwa kupiga kelele. Fundi akikanyaga, taa ziliwaka, akipumzika, zilizimika.

"Basi," fundi redio alisema akikusanya koleo zake, "umeme umepata pa kurudi. Ukishapapenda mahali, hauhami."

Indiketa aliuliza kama jambo hilo linaharibu betri. Akajibiwa kuwa betri itadumu zaidi. Akaridhika.

Siku zilizofuata mtaa haukulala mapema. Jua likianza kushuka, watu walitoka na watoto mgongoni, wakakaa kwenye ngazi za nyumba zao kusubiri gari lipite. Fundi aliweka simu juu ya meza ya cherehani, sauti ikiwa wazi, na Indiketa alimpigia kutoka barabarani.

"Anza!"

Yeye akaanza. Muda si mrefu walijua kuwa kila mshono una taa zake. Mshono wa kawaida uliwasha taa zikatulia kama macho ya msikilizaji. Zigizaga ilizifanya zicheze kulia na kushoto. Kola ilileta mng'ao mwembamba, mkali, ambao watu waliupigia makofi. Turubai, ambalo sindano huliingia kwa shida, lilitoa zambarau nzito kama juisi ya zabibu. Akikanyaga bila kitambaa, taa ziliwaka bila rangi, kwa hiyo kitambaa kilikuwa lazima.

"Piga zigizaga!" Indiketa alipiga kelele kwenye simu. "Tumefika kwa wakwe! Zigizaga, mama, zigizaga!"

Fundi aliipiga, jasho likimtiririka, akicheka peke yake barazani. Usimwone hivi ukadhani hakufurahi. Alifurahi sana. Alizisikia shangwe zikitoka mbali, zikipanda na kushuka kadiri ya mguu wake. Ila hakuwa ameziona taa zile zikiwa njiani, hata mara moja. Gari lilipokuwa nyumbani alikuwa ameinamia sindano, na taa zilipozimika yeye ndiye alikuwa amezizima.

Watu walimpongeza Indiketa.

"Ni kazi ya mikono," alijibu kwa unyenyekevu.

Wiki ya harusi ilipofika, fundi alimalizia shela la binti yake, akalitundika, kisha akasema kana kwamba anauliza bei ya uzi, "Na siku yenyewe nani atakanyaga?"

Jambo hilo lilikuwa halijamjia mtu. Wakafanya majaribio. Fundi redio alikaa kwenye cherehani, ikawaka indiketa ya kulia peke yake. Muuza mkaa akakaa, akakanyaga kwa nguvu zake zote, ikawaka taa ya kurudia nyuma. Indiketa mwenyewe alipokanyaga, vifuta maji vya kioo vikaanza kwenda.

"Angalau tukipata mvua," shemeji yake alisema, na wote wakacheka, fundi naye akacheka.

Fundi aliliwaza gunia lile chini ya kitanda, na skrubu zake. Taa za manjano zilikuwa nzima. Kuzirudisha ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Alimtazama mumewe, akamtazama mdogo wake, akingoja mmoja wao alitaje gunia.

"Utakanyaga mpaka tufike tu," Indiketa alisema kwa upole. "Tukishafika ukumbini, taa za nini? Nitalituma gari lije likuchukue hapo hapo, nakuapia."

"Sawa, baba watoto."

Jioni ya harusi fundi alivaa gauni lake la bluu. Binti yake alipoingia garini, alimpangia shela vizuri lisibanwe na mlango, akampapasa shavu. Kwenye kiti cha mbele aliketi shangazi wa bwana harusi, mwanamke mpana mwenye mkoba mpana. Halafu fundi akarudi barazani, akapandisha gauni magotini lisiliwe na mkanda wa cherehani, akaweka chini ya sindano kipande cha kwanza kati ya vipande vya kitambaa alivyoletewa na majirani, kilo kwa kilo.

"Anza!" simu ikasema.

Msafara ukatoka. Honi zikalia mtaa mzima, na ukuta wa nyumba ya jirani ukapitiwa na bluu, na zambarau, na mwisho na nyekundu zile zikikimbizana, halafu ukarudi kuwa ukuta. Fundi alishona kipande kwa kipande, pazia kwa shati, shati kwa shuka. Vikawa utepe mrefu, ukashuka barazani, ukapita uani, ukatoka getini ukaelekea walikoelekea. Muuza mkaa alikuwa amevaa tayari kwa ukumbini, lakini alibaki kidogo kumvutia kitambaa kisikunjane, ndipo akapata usafiri wa baiskeli akaenda.

"Tunapita sokoni!" simu ilisema. "Watu wamepanda juu ya meza! Tia zigizaga!"

"Natia."

"Tumefika! Usiache kwanza, wapiga picha hawajamaliza."

Hakuacha. Baadaye simu ikasema kuwa uwanja wa ukumbi una giza na wageni wanataka kuchezea nje kwa taa za gari, maana hazijawahi kuonekana taa kama hizo, kwa hiyo gari haliwezi kuondoka sasa hivi, aendelee kukanyaga kidogo, kidogo tu. Aliendelea. Alisikia muziki kwenye simu, na akajikuta anashona kwa kufuata mdundo wake, na huko uwanjani watu wakapiga mayowe kwa sababu taa zilikuwa zimeanza kucheza nao.

Kisha sauti ikabadilika. Alikuwa bibi harusi, anahema.

"Mama! Mama, wewe! Zimependeza kuliko chochote! Watu wanapiga picha na gari kuliko na mimi!"

"Shela halijachanika?"

"Halijachanika. Mama, baba yuko hapa anacheza mpaka ametoa viatu. Anasema umeokoa harusi. Anasema useme unataka nini, chochote, tukuletee."

Fundi alifika mwisho wa kipande, akaunganisha kingine bila kuinua mguu. Huko uwanjani bluu ilikuwa imetulia kwenye uso wa binti yake, ingawa yeye hakuweza kujua.

"Mama, upo? Sema basi. Ulitaka nini?"

"Nilitaka kuja na wewe, mwanangu," alisema, akikanyaga. "Hata gizani."