Mbavu Mpya za Boti ya Adelgunda

Kahigi aliropoka mbele ya ukoo mzima, na ndivyo kazi ile ilivyomwangukia.

Mama mkwe wake, Adelgunda, alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi anamuuzia Mutabazi, mfugaji jirani yao, boti yake ya faiba, na Mutabazi ataikata aifanye hori la kunyweshea ng'ombe. Boti ilikuwa na miaka zaidi ya ishirini. Ukikanyaga sakafu yake ilibonyea kama godoro, na abiria walishaanza kuiogopa. Kahigi, fundi seremala wa Omurushaka, akasimama na bilauri yake ya lubisi, pombe ya ndizi, akasema boti haijafa, imeoza mbavu tu, na yeye atazibadilisha kabla ya hiyo Jumamosi.

Adelgunda hakumjibu. Hakuwahi kumjibu kwa miaka kumi na tisa. Katika familia ile mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso. Kila neno lilipitia kwa Vero, mke wa Kahigi, hata kama wote watatu wamesimama umbali wa hatua tano.

"Vero," alisema Adelgunda huku akitazama migomba, "mwambie mumeo akishindwa, boti inaondoka vipande vipande, na mimi nitazunguka ziwa kwa miguu kwenda sokoni mpaka nife."

"Amesikia, mama."

"Wewe mwambie."

"Kahigi, mama anasema..."

"Nimesikia," alisema Kahigi.

Boti ile Adelgunda aliachiwa na marehemu mumewe. Ilivusha akina mama na mikungu yao ya ndizi, na wagonjwa waliokwenda zahanati ng'ambo. Bila boti, kuzunguka ziwa ni nusu siku, na Adelgunda magoti yake hayakutaka kusikia habari hiyo.

Jumatatu wanaume waliiburuta mpaka uani kwa Adelgunda, ikipita juu ya magogo ya mgomba. Kahigi akaiacha palepale juu ya magogo. Mgomba ni laini, haukwaruzi kitu, na huku kwetu mtu akikosa cha kuegemezea chochote anakata mgomba. Ujanani alifanya kazi miaka miwili kwenye karakana ya boti Mwanza, akajua gundi na nyuzi za faiba. Alichosahau ni kwamba Mwanza boti hawakuzilaza juu ya migomba.

Alichukua maboksi ya sabuni, akayakata yawe vigezo vya umbo la tumbo la boti, mahali mihimili mipya, ndiyo mbavu zenyewe, itakapokaa. Kisha akawasha grainda kwa jenereta ya kuazima, akaondoa sakafu. Mihimili minne ilikuwa imefunikwa faiba kutoka nyuma hadi mbele. Kwa nje ilionekana mizima. Alipoichana, mbao za ndani zilitoka kwa kiganja, nyeusi, zinachuruzika maji.

"Hii si mbao," alisema Vero akiziba pua. "Hii ni samadi."

"Ndiyo iliyokuwa inakuvusha."

Jumanne alikwenda karakanani kwake Omurushaka akachonga kwa vigezo vile mihimili minne ya mti wa mshambya, mbao zilizokaa juu ya moshi wa jiko mwaka mzima, kavu kabisa. Jumatano akarudi nayo, akateremsha wa kwanza ndani ya boti. Ncha mbili zilikaa. Katikati pakabaki uwazi wa vidole viwili. Akajaribu wa pili, hali ni ileile.

Mutabazi alikuwa amefika na fimbo yake. Alikuja kila siku kupima hori.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Adelgunda.

"Marahaba."

"Nimehesabu. Ng'ombe sita upande huu, sita upande ule. Ndama watakunywa pale pembeni."

"Ndama wako wakanywe kwa shangazi yao," alisema Kahigi kutoka ndani ya boti.

"Fundi, mbona umenuna? Mti umekukataa?"

Kahigi alishika randa akaanza kupunguza ncha za mhimili ili katikati ushuke. Alikuwa amepitisha randa mara nne tu Adelgunda alipoacha kuchambua maharage.

"Vero, mwambie mumeo aache kuchonga. Muulize ile migomba aliikata lini."

"Mama anauliza..."

"Jumatatu," alisema Kahigi, na randa ikasimama.

"Leo ni siku ya tatu, na jua lote hili. Mwambie mgomba uliokatwa ni maji tu. Yakishatoka, unabaki majani. Chini ya kiti changu nisingeuweka."

Kahigi aliruka chini akainama. Magogo ya mbele na ya nyuma, yaliyokatwa kwenye migomba iliyokomaa, yalikuwa bado duara. Ya katikati yalikuwa machanga, yamebanwa yakawa bapa. Boti isiyo na mbavu ilikuwa imelegea ikashuka tumbo. Kama angechonga mihimili kufuata tumbo lile na kuigandisha, boti ingebaki hivyo maisha yake yote, ikiyumba kama mlevi.

"Mwambie mama ameona vizuri," alimwambia Vero.

"Ameambiwa," alisema Adelgunda, akarudi kwenye maharage.

Alasiri ileile bodaboda tatu zilitoka Omurushaka na magunia ya makapi ya kahawa kutoka mashine ya kukoboa. Kahigi aliyasukuma chini ya tumbo la boti akayashindilia kwa mchi, gunia moja moja, kila mara akipanda kujaribu mhimili. Uwazi ukawa kidole kimoja, kisha unene wa karatasi. Makapi hayanyauki, na yanabeba kila mahali sawasawa. Zile ncha alizokwisha kupunguza alizijaza gundi iliyokorogwa na vumbi la mbao.

Alhamisi aliilaza mihimili yote, akaifunika nyuzi za faiba tabaka tatu, akazishindilia kwa brashi mpaka mapovu yakaisha. Ijumaa jua likamaliza kazi, na jioni sakafu ikarudi.

Jumamosi Mutabazi alikuja na msumeno. Boti ilikuwa majini. Alipanda, akaruka juu ya sakafu mara mbili, akaruka tena kwa miguu yote, mtu wa kilo tisini. Haikubonyea.

"Labda mnavusha watu wepesi," alisema.

Wakapanda kumi na wawili na mikungu ishirini. Kahigi akawasha injini, wakaenda hadi katikati ya ziwa wakarudi. Adelgunda alikaa juu ya mkungu muda wote, viganja vyote viwili sakafuni, akisikiliza. Aliposhuka hakuwa na haraka.

"Basi niuzie nusu yake, mama," alisema Mutabazi.

"Mutabazi, ng'ombe wako wana miguu. Washushe ziwani wanywe." Kisha akageuka. "Vero, mwambie mumeo sakafu inateleza. Aipake rangi iliyochanganywa na mchanga. Jumatatu nina abiria."

Kahigi alikuwa ameshakwenda kutafuta brashi.