Sentimita Tano za Mnara

Jumatatu asubuhi, kabla fundi hajatia hata uzi kwenye sindano, wifi yake aliingia kwa kishindo amevaa gauni jipya. Pindo la gauni likaingia nyuma yake, likifagia vipande vya vitambaa, vifungo viwili na kizibo cha chupa ambacho hakuna aliyejua kimetoka wapi.

"Tazama," alisema. "Tazama ulichonifanyia."

Fundi alitazama. Wateja walimwita Sentimita, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa hajui kukadiria. Ukimwambia mikono ya blauzi iishie "hapa hivi", alikuuliza hapa wapi, juu ya mfupa au chini ya mfupa, na usipojibu sawasawa alikuwa tayari kukupima mpaka ulie. Miaka kumi na tatu hakuwahi kurudishiwa nguo kwa kosa la kipimo. Na sasa hili hapa, gauni la sherehe ya kustaafu, linaburuzwa sakafuni kama pazia la jirani.

Wifi naye aliitwa Mnara tangu usichana. Alikuwa mrefu wa kuinama kila mlangoni, hata milango ambayo kichwa kisingegusa. Aliinama kwa kuuheshimu urefu wake mwenyewe. Siku Sentimita alipoletwa nyumbani kama bibi harusi, Mnara alimtazama juu mpaka chini, safari ambayo haikuchukua muda, akamuuliza mdogo wake, bwana harusi: "Ndiye huyu? Au amemtanguliza mtoto, mwenyewe yuko njiani?" Watu walicheka. Tangu siku hiyo mawifi wale walipendana kama paka na ndoo ya maji.

"Sherehe ni Jumamosi," Mnara alisema. "Ofisi nzima ya maji itakuwepo. Umenikatia gauni refu makusudi nijikwae mbele za watu."

"Makusudi? Mimi kitambaa sikitanii."

"Basi hujui kazi. Na asiyejua kazi hakai kwenye chumba cha baba yangu. Jumamosi ikipita, cherehani hiyo iwe nje."

Pale kwenye benchi alikuwa amekaa mwalimu, aliyekuja kufuata sketi yake. Alijifanya anasoma kalenda ukutani. Kalenda yenyewe ilikuwa ya mwaka juzi.

Chumba kile cha mbele kilikuwa cha nyumba ya marehemu baba mkwe, na Mnara, kifungua mimba, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mume wa Sentimita alikuwa mdogo mtu. Mbele ya dada yake alikuwa hana neno la mwanzo, sembuse la mwisho. Chumba kikienda, wateja wanaenda. Jina likienda, hata chumba hakitasaidia.

Lakini kilichomchoma zaidi ni jambo alilolijua peke yake. Gauni lile hakulipima urefu.

Alipima kifua. Alipima kiuno. Alipima nyonga. Urefu wa bega mpaka chini aliunakili kutoka kwenye daftari lake la vipimo, ukurasa wa miaka minne nyuma, kwa sababu mtu mzima ananenepa na kukonda lakini harefuki wala hafupiki. Hiyo ndiyo sababu ya kuwaambia watu. Sababu yenyewe ni kwamba kupima mpaka chini lazima upige magoti miguuni pa mteja, na mara ya mwisho alipopiga magoti, Mnara alisema kwa sauti, "Enhee, hapo ndipo saizi yako." Sentimita akaapa hatapiga magoti tena.

"Simama wima," alisema sasa, akivuta tepu shingoni. Akapiga magoti. Aliyapiga kwa hasira, na magoti ya hasira mtu hayahesabu.

Akapima. Akapima tena. Akafungua daftari.

"Miaka minne iliyopita, mia moja arobaini na sita. Leo, mia moja arobaini na moja."

"Tepu yako imevutika."

"Ikiwa imevutika, basi na meza hii itapungua." Akaenda kuipima meza ya kukatia, ambayo kila mteja alijua ni mita moja na nusu kamili, kwani Sentimita aliwatajia hata kabla ya salamu. Mita moja na nusu kamili. "Tepu nzima. Gauni zima. Wewe ndiye umepungua, wifi."

Mwalimu aliiacha kalenda.

"Mimi?" Mnara alicheka kicheko kikavu. "Mimi nipungue? Angalia mwili huu!"

"Naangalia. Nimeuandika wote." Na hapa, tusidanganyane, Sentimita alisoma kwa raha. "Kiuno kilikuwa themanini na nne, sasa mia na kumi na moja. Mkono hapa juu, thelathini na moja, sasa ishirini na sita. Kila mwaka naachia kiunoni nabana mikononi. Tumbo linakuja, mikono na miguu inaaga. Umenenepa kama gunia lililofungwa juu ya vijiti viwili."

"Mchawi wewe!" Mnara alijinyoosha ili amwangukie na urefu wake wote, kama alivyozoea. Hakufika. Katikati ya kujinyoosha uso ulimgeuka rangi ya majivu, akashika ukingo wa meza, akatoa sauti ndogo ambayo haikufanana naye kabisa.

Mume wa Sentimita, aliyekuwa nje ya mlango muda wote akingoja vita iishe, aliingia.

"Dada, mgongo tena?"

"Tena?" Sentimita aliuliza.

"Tangu mwezi uliopita. Aliinua boksi la mafaili ofisini, akasikia kitu kama kijiti kimevunjika. Alinikataza nisikwambie."

"Nani alikuruhusu kusema?" Mnara alisema kwa meno yaliyobana. Lakini hakuweza kuondoka mwenyewe, kwa hiyo wakamchukua wao.

Hospitali waliketi kwenye foleni, Mnara pembeni kabisa, mume katikati kama ukuta wa mpaka. Daktari alikuwa binti mwembamba mwenye haraka. Aliibandika picha ya eksirei kwenye taa, akanyooshea kalamu pingili mbili za uti wa mgongo. Nyingine zilikuwa zimesimama kama maboksi yaliyopangwa. Hizo mbili zilikuwa maboksi yaliyokaliwa na mtu.

"Zimebonyea. Mama, unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa."

"Anatumia," alisema Sentimita. "Vidonge vidogo vyeupe. Viko kwenye pochi, mfuko wa ndani. Nimevishona mwenyewe... mfuko, si vidonge."

Mnara alimtazama kwa jicho la kuua mbuzi. Lakini pochi ilifunguliwa, na hadithi ikatoka kidogo kidogo. Miaka sita nyuma kifua kilimbana, akaandikiwa vidonge vya wiki mbili. Pumu ikatulia, na zaidi ya hapo akaanza kula, mashavu yakajaa. Yeye aliyeitwa mlingoti maisha yake yote akaanza kuambiwa amenawiri. Wiki mbili zilipoisha alikwenda duka la dawa, akaomba vingine. Muuzaji hakuuliza cheti. Mwezi uliofuata hakuuliza hata jina la dawa. Akimwona tu, anafungua droo.

"Miaka sita," daktari alirudia. "Kila siku?"

"Kila siku. Vinanipa mwili."

"Vinakupa mafuta na maji, mama, na vinakupangia vyenyewe: usoni, tumboni, mabegani. Huku nyuma vinakula misuli na mifupa. Ndiyo maana mikono imekonda. Hedhi iliisha lini?"

Mnara alimwangalia mdogo wake. Mdogo wake akaangalia dari, akakumbuka ana jambo la kufanya ukumbini, akatoka.

"Nilifanyiwa upasuaji nikiwa na arobaini na moja. Walitoa kizazi na vifuko vya mayai vyote."

"Basi homoni iliyokuwa inailinda mifupa yako iliondoka mapema, kabla ya wakati wake. Ukaongeza vidonge hivi juu yake. Mlinzi kaondoka, mwizi kakaribishwa chai."

"Lakini mimi mnene!" Mnara alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake iliuliza badala ya kuamuru. "Wanaovunjika mifupa si wale wakavu?"

"Wembamba wana hatari yao, kweli. Lakini unene wa tumbo si uzito wa mfupa. Mfupa unapenda kuvutwa na misuli, na yako tumeiona. Ukianguka, huo mwili unakuja na kilo zote juu ya mifupa myepesi."

Sentimita alivikwapua vidonge mezani, akaelekea kwenye pipa la taka.

"Rudisha!" daktari alifoka. "Unataka kumuua? Mwili umeshasahau kujitengenezea dawa hii wenyewe. Akiviacha ghafla ataanguka chini. Tutavipunguza polepole, na pumu tutaitafutia dawa ya kuvuta. Na wewe mama, dawa ya mifupa ni hii: mara moja kwa wiki, tumbo tupu, maji bilauri nzima, halafu nusu saa hulali wala huinami. Usinyanyue kitu kinachozidi birika la chai. Utatembea kila siku. Usianguke."

"Alitaka kuniua, umemwona," Mnara alimwambia daktari. Jioni ile hilo ndilo neno pekee alilolisema kwa furaha.

Kwenye teksi alitoa masharti, akiangalia mbele.

"Utawaambia watu ulikosea kukata. Ukisema hivyo, chumba utakaa. Neno moja kuhusu mgongo wangu au vidonge, na cherehani iko nje siku hiyo hiyo."

"Jina langu ndilo kazi yangu."

"Na chumba?"

Sentimita alihesabu nguzo za barabarani mpaka nyumbani. Asubuhi, mwalimu aliporudi na kuuliza ile fitina iliishaje, Sentimita alisema, "Nilikosea. Urefu sikuupima." Kila neno lilikuwa kweli, na lilimkata vilevile. Mwalimu alifikiri kidogo, akaomba arudishiwe kitambaa alichokuwa amekileta kwa ajili ya suti. Alikiomba kwa adabu sana, kama mtu anayeomba chumvi. Sentimita akakikunja, akampa, akapunguza pindo la gauni sentimita tano kamili.

Jumamosi ukumbi wa ofisi ya maji ulijaa. Mnara alisimama kwenye kipaza sauti na gauni limemkaa vizuri mno, akashukuru wakubwa, akashukuru wadogo, halafu akasema: "Na samahani kama nimechelewa. Nina wifi anayepima kwa macho, na macho yenyewe yako karibu sana na ardhi." Ukumbi ulivunjika mbavu. Sentimita alicheka pia, kwa mdomo tu, akishika ukingo wa kiti. Chumba, alijiambia. Chumba, chumba.

Ofisi ile ilikuwa na desturi yake. Kila anayestaafu alikalishwa kwenye kiti, mafundi bomba wanne wakakamata miguu ya kiti, wakamrusha juu mara tatu na kumdaka, huku wengine wakihesabu. Hata mkurugenzi wa zamani alirushwa. Mlinzi alirushwa, na kofia haikuonekana tena. Kiti kilipoletwa, Mnara alipaswa kusema hapana. Lakini hapana ingetaka sababu, na sababu ilikuwa siri. Akakaa. Akashika pembe za kiti. Tabasamu lake lilikuwa lile la mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Sentimita alimtafuta mumewe kwa macho. Alikuwa mbali, kwenye meza ya soda, amegeuka. Mafundi bomba waliinama, wakakamata. "Mojaaa!" watu walianza, na kiti kikafika magotini mwao.

"Mshusheni!" Sentimita alikuwa ameshapanda juu ya meza, vinginevyo nani angemwona? "Mshusheni taratibu! Ana pingili mbili zimevunjika! Mkimrusha mnamuua!"

Kiti kilishuka kama yai. Ukumbi ukanyamaza, kisha ukaanza kunong'ona. Karani mmoja mfupi, aliyefanya kazi na Mnara miaka ishirini, alisema kwa mshangao, na kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "Kumbe! Ndiyo maana siku hizi namwona usoni."

Walipofika nje Mnara alimgeukia Sentimita.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Nguo nitakushonea nyingine. Pingili sijui kushona."

"Jumatatu," Mnara alisema. "Unajua cha kufanya."

Jumatatu Sentimita alikunja vitambaa, akapanga nyuzi kwenye boksi, daftari la vipimo akalitia juu. Mumewe alisimama mlangoni na mikono miwili isiyojua pa kukaa.

"Dada, jamani..."

"Toka hapo," Mnara alisema, akiingia. "Wewe utaichukua cherehani hadi kona, halafu uirudishe nikilala. Nakujua. Naitoa mwenyewe, kwa mikono yangu, barabarani, kila mtu aone." Akaikabili cherehani, ile nzito ya chuma na meza yake, akaikumbatia.

"Acha!" walipiga kelele wote wawili.

"Birika!" Sentimita alisema. "Daktari alisema birika la chai! Hilo dude ni mabirika thelathini!"

Mnara alisimama palepale, mikono bado imezunguka cherehani, akihema. Alijaribu kidogo. Cherehani haikusogea, kilichosogea ni uso wake. Akaiachia kidole kimoja kimoja.

"Asiiguse mtu," alisema hatimaye. "Umenisikia, wewe mdogo wangu? Asiiguse mtu. Ikae hapohapo ilipo mpaka nipone. Siku nikipona nitakuja niitupe mwenyewe."

"Daktari alisema itachukua muda gani?" mume aliuliza.

"Miaka," Sentimita alisema, akitoa nyuzi kwenye boksi. "Basi meza dawa yako, wifi. Utembee. Upate nguvu za kunifukuza."

"Nitatembea," Mnara alisema, akielekea mlangoni, wima kadiri alivyoweza. "Nitatembea kila siku, na kila siku nitapita hapa nikuangalie."

Mlangoni hakuinama. Sentimita alikanyaga pedali.