Mgonjwa wa Bakuli la Kioo

Muuzaji alimwambia mume wa mpiga pasi mmoja kwamba samaki wa dhahabu hamalizi miezi sita. Basi mume, siku ya kuondoka kwenda kazi ya barabara nchi ya mbali, akaweka bakuli la kioo mezani na kumwambia mama yake, "Kabla huyu hajafa, nitakuwa nimerudi." Mama naye, uchungu wa mzazi ukiwa umemjaa, akaapa kwamba hatoki nyumba ile mpaka mwana arudi au samaki afe. Yule muuzaji alikuwa mwongo au mjinga, moja kati ya mawili. Mwaka wa nne ulikuwa umeingia, na samaki alizidi kunenepa.

Samaki huyo walimwita Mpangaji. Mama mkwe hakutoka kwa sababu ya Mpangaji, na mkamwana, mke aliyeachwa, hakutoka kwa sababu ya mama mkwe, maana bibi asiyeweza hata kuinama kuokota kijiko haachwi peke yake. Mume alipiga simu kwa nadra, na alimuulizia samaki kabla ya kumuulizia mke.

Mkamwana alikuwa mpiga pasi kwa dobi. Shoga yake waliyefanya naye kazi zamani alikuwa amefungua duka lake mji mwingine, na alimtaka akalisimamie. "Nakungoja mpaka Ijumaa," alimwambia. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, shoga yangu."

Wiki hiyo hiyo Mpangaji akaugua. Alielea ubavu, mapezi yamekunjamana, akihema juu juu. Mkamwana alijua maana yake: akikunja mikono tu, bila dhambi ya kuua, mlango utafunguka. Jioni ya kwanza alikunja mikono kweli, akaanza kupiga pasi nguo zake za safari. Mpangaji akamwona. Akajikokota hadi kwenye kioo, pale mkamwana anapompa chakula kila siku, akafungua mdomo.

Moyo ukamlainika. Katika nyumba ile nzima, huyu ndiye pekee aliyekuja kumlaki kila akirudi kazini.

"Nakupenda, mjinga wewe," alimwambia kwa hasira.

Akambadilishia maji, yale anayoyaacha kwenye ndoo siku nzima mpaka itoke klorini, dawa ya maji ya bomba inayoua samaki, akatia chumvi kidogo. Asubuhi samaki alikuwa wima. Jioni akakuta amelala ubavu tena. Siku tatu wakaenda hivyo, yeye akiponya na ugonjwa ukirudi. Ijumaa asubuhi, akiwa amechoka kuliko mgonjwa mwenyewe, alimpigia shoga yake.

"Siwezi kuja. Nina mgonjwa nyumbani." Aliona haya kutaja ni mgonjwa gani.

Mchana kichwa kilimuuma, dobi akamruhusu aende. Alipofungua mlango harufu ikamkuta palepale sebuleni, na pua ya mtu aliyekaa kwa dobi miaka kumi haidanganyiki: klorini ya bomba. Mama mkwe alikuwa amesimama mezani, kikombe mkononi, anamimina maji ya bomba kwenye bakuli taratibu.

Bibi akaweka kikombe, akaketi.

"Nimechoka, mwanangu. Nataka kwenda kwa binti yangu, nikaone wajukuu. Niliapa kwa mdomo wangu mwenyewe, sasa nifanyeje? Nikasema huyu akifa, hakuna wa kunilaumu."

"Si ungeniambia tu, mama?"

"Ungesema nimemtoroka mwanangu nikakuachia nyumba. Na wewe, kila nikimmaliza, unamfufua. Nikajua mkwe wangu ananitaka nikae."

"Mimi nilikuwa na kazi mji mwingine, mama. Nimekaa kwa ajili yako."

Bibi alimtazama, akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi. "Basi tumefungana kamba wenyewe. Piga simu huko kwenye kazi yako, mwanangu, piga upesi. Mimi kesho naenda, na kiapo Mungu atanisamehe."

Mkamwana alimhamishia Mpangaji kwenye ndoo kwanza, kwa sababu alikuwa anakufa. Ndipo akapiga simu, mikono bado imelowa, akisema maneno yote kwa pumzi moja.

"Jamani," shoga yake alisema. "Ulipokata tu asubuhi nikampigia mwingine. Ameshaanza, yuko hapa anapiga pasi. Pole sana. Na mgonjwa wako je?"

Ndani ya ndoo Mpangaji alikuwa amesimama wima, anafungua mdomo.

"Amepona," mkamwana alisema, akaanza kulia.